Mkungu wa Mtaa wa Nguzo

Nilikaa Shambiru siku kumi na tisa, kiangazi kikiwa kimepamba moto, na katika siku hizo zote sikuona mtu akikimbia. Watu wa nchi ile hutembea wakisugua mabega na kuta, upande ule wenye kivuli chembamba kama utepe, na wanapokutana wawili mmoja hulazimika kutoka juani ili mwenzake apite. Anayetoka ni mwenye umri mdogo. Mimi nina miaka themanini na moja. Nilipishwa mara nyingi hata nikaona haya, maana walionipisha walikuwa na mvi kama zangu.

Hiyo ni desturi nzuri, na nimeiandika kwanza kwa sababu mengine yanachosha.

Nilikwenda kumtazama shoga yangu Semeni. Tulisoma chuoni mkeka mmoja, kisha yeye akaolewa Shambiru na fundi wa kuchonga milango aitwaye Haidari, na tangu hapo tumekuwa watu wa barua. Nyumba yao iko Mtaa wa Nguzo, mtaa mkongwe kuliko yote mjini mle. Una milango ya nakshi, roshani za mbao, na mabaraza ya mawe yaliyolainishwa na makalio ya watu waliokwisha kufa. Miti hauna.

Sheria ya Mtaa wa Nguzo ni fupi. Kitu ambacho hakijatimiza miaka mia hakiruhusiwi kusimama humo. Semeni aliniambia kuwa ilitungwa kwa nia njema, baada ya tajiri mmoja kusimika bango la bati mbele ya mlango uliochongwa na babu wa babu zao, na watu wakalia kama waliofiwa. Siku hizi kila kitu mtaani kina kibati cha shaba kilichoandikwa umri wake, mpaka ngazi. Ipo Idara ya Umri, na maofisa wake hupita kila mwaka wa tano na daftari, wakiandika kilichozeeka na kuondoa kilicho kichanga. Dirisha la nyuma la nyumba ya Semeni lilizibwa na Idara kwa kuwa lilikuwa na miaka thelathini tu. Tangu hapo upepo hauingii.

Mlango wa tatu kutoka kwake kuna baraza la miaka mia na arubaini. Limetandiwa turubai juu ili jua lisilipasue, na limezungushiwa kamba ili mtu asilikalie. Wazee hukaa chini, nje ya kamba, juani, wakilitazama. Nilimuuliza Semeni imekuwaje turubai likaruhusiwa, na lenyewe ni la juzi. Alisema wakubwa walilijadili hilo mwezi mzima, wakaamua kuwa turubai si kitu, ni uhifadhi.

Msidhani watu wa Shambiru hawapendi miti. Sijaona watu wanaoizungumza kama wao. Wana vyama viwili, na kila mtu mzima yumo katika kimojawapo. Chama cha Kivuli wanataka mti mpana wenye majani mazito, ili mtu akae. Chama cha Sura wanataka mti mwembamba usioziba nakshi, ili mtu atazame. Wamejadiliana miaka sitini na moja bila kutukanana hata siku moja, na msemaji wa Kivuli akikohoa, msemaji wa Sura humsogezea maji. Katika miaka yote hiyo wamekubaliana jambo moja tu. Mti wowote utakaochaguliwa lazima kwanza utimize miaka mia, maana sheria ni sheria. Kwa hiyo walipanda miche ya kila namna mbali nje ya mji, mahali paitwapo Bustani ya Kungojea, ili izeekee huko kisha iletwe mtaani.

Ijumaa ya kwanza Semeni alinipeleka huko kwa gari la punda, mwendo wa saa nzima juani. Nilikuta miti mikubwa ajabu. Mikuyu, mikwaju, miarobaini, mingine hata watu watatu wakishikana mikono hawaikumbati. Chini yake palikuwa na ubaridi mtamu kama wa mtungi, na nusu ya mji ilikuwa imelala pale juu ya mikeka, imechoka kwa safari ya kuja na ikipumzika kwa ajili ya safari ya kurudi. Hakuna nyumba hata moja karibu. Nilimuuliza mtunza bustani, mama mmoja mpole aliyetuletea maji bila kuombwa, miti hii itahamishwaje ikishafika miaka mia. Aliitazama mizizi kwa muda.

"Hilo, bibi," akasema, "ni kazi ya watakaokuwepo."

Sasa nieleze mti wa Semeni, maana huo ndio ulionifanya niandike.

Karibu miaka mitano iliyopita popo aliangusha kokwa la kungu kwenye ufa kati ya ngazi ya nyumba yake na ukuta. Maofisa wa Idara walikuwa wamekwisha kupita miezi miwili nyuma. Kokwa likachipua. Semeni aliniambia kuwa kila asubuhi alikuwa akitoka na kisu ili aung'oe mche ule, na kila asubuhi alikirudisha kisu jikoni. Nilipofika, mkungu ulikuwa umepita kizingiti cha juu cha mlango, na matawi yake yametanda tabaka juu ya tabaka kama mikungu ifanyavyo.

Mtaa mzima uliuona, na hakuna aliyeutaja. Jirani wa ng'ambo aliumwagia maji aliyooshea mchele. Mpeleka barua alipofika pale aligundua kila siku kwamba barua zake zimechanganyika na zinahitaji kupangwa upya. Kina mama waliotoka sokoni walisimama chini yake mmoja mmoja, kwa muda wa kuvuta pumzi kumi hivi, kisha wakaondoka ili mwingine naye apate. Hakuna aliyewapangia zamu. Niliwatazama siku nyingi kutoka dirisha la mbele, na moyo wangu uliwapenda.

Lakini mwenye haja nao hasa alikuwa Haidari. Miaka arubaini ya vumbi la mbao imekiharibu kifua chake, na ndani ya nyumba ile iliyozibwa dirisha hawezi kupumua jua likishapanda. Kuanzia saa nne asubuhi mpaka alasiri alilazwa kwenye mkeka chini ya mkungu, na pale pumzi ilikuja. Kiangazi cha mwisho kabla mti haujawa na kivuli alizimia mara tatu. Mara ya tatu daktari alimwambia Semeni awaite watoto. Semeni alinieleza hayo huku anachambua mchele, bila kuinua macho.

"Mti ukiwepo, mume wangu yupo," alisema. "Sina hesabu nyingine, shoga."

Siku yangu ya nane akaja ofisa wa Idara. Aliitwa Bwana Msellem, mwembamba, mwenye kofia ya kaki iliyobandikwa beji ya shaba. Alivua viatu ingawa tulimwambia asivue, akamuulizia Haidari hali, akanipa shikamoo. Kisha akautazama mkungu. Alifumba macho kidogo, kama mtu aliyeletewa barua anayoijua kabla ya kuifungua.

"Mama Semeni, huu sikuuona mara iliyopita."

"Mara iliyopita haukuwepo," Semeni akamjibu. Hajapata kujua kusema uongo tangu chuoni, na alipigwa sana kwa ajili hiyo.

Bwana Msellem akasema kwamba itambidi alifikishe jambo hilo mbele ya baraza la mji. Akaketi chini ya mkungu kuandika taarifa yake. Ilikuwa taarifa ya mistari minne, nami nilimwona akiiandika kwa muda wa saa nzima, ameegemeza mgongo kwenye shina.

Kikao kilikuwa siku tatu baadaye. Haidari hakuweza kutembea mpaka ukumbini, tukaenda mimi na Semeni. Mwenyekiti alikuwa Bi Arafa, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, aliyeanza kwa kutupa pole ya jua. Kila aliyesema alianza kwa kuusifu mti. Msemaji wa Kivuli alisema kwamba chama chake kimelia miaka sitini na moja kwa ajili ya mti kama ule, lakini amekwenda kuupima mwenyewe, na kivuli chake hakifiki hatua sita. Kwa mujibu wa kanuni, kivuli kisichofika hatua sita ni doa. Msemaji wa Sura alisema ni mti wa kupendeza, tatizo ni kwamba majani ya mkungu hugeuka mekundu kabla ya kuanguka, na rangi nyekundu haimo katika orodha ya rangi za Mtaa wa Nguzo. Kisha wote wawili wakakubaliana, na ukumbi ukapiga makofi kwa kuwa ni nadra. Mkungu ung'olewe kwa uangalifu, upelekwe Bustani ya Kungojea, na baada ya miaka tisini na tano urudishwe pale pale kwenye ngazi ya Semeni. Waliandaa hati yenye muhuri. Bi Arafa alishuka jukwaani kumkabidhi Semeni hati hiyo kwa mikono miwili.

Semeni hakuipokea.

"Na mume wangu," akauliza, "hiyo miaka tisini na tano atakaa wapi?"

Watu ukumbini waliinamisha vichwa. Nadhani walihuzunika kweli. Yule msemaji wa Sura alifuta macho. Bi Arafa akamwambia karani aandike kwamba limeulizwa swali zuri.

Kabla ya kugonga muhuri palibaki jambo moja la utaratibu. Huko Shambiru, umri wa kitu chochote huthibitishwa kwa ushahidi wa mtu mzima kuliko wote waliomo ukumbini, asiye na maslahi katika shauri. Neno lake huandikwa, na mdogo kumpinga ni utovu wa adabu. Karani akauliza nani ana miaka sabini na zaidi. Watu wakageuka kutazamana. Nilikumbuka hapo kwamba mtaani nilikuwa nimeona vitu vingi vya kale na wazee wachache. Wakanitazama mimi. Ugeni si kizuizi, alisema Bi Arafa, umri ni umri. Wakaniletea mto wa kukalia na maji ya kunywa, na mtu mmoja akainama kunirekebishia ushungi uliokuwa umeteleza.

"Bibi," karani akaniuliza, "mkungu huo una umri gani?"

Nimesema uongo mara chache maishani. Niliwahi kumwambia mwanangu wa pili, usiku aliokufa, kwamba kesho tutakwenda pwani. Niliwahi kumwambia mume wangu kwamba siumii. Sikujivunia wala sikutubia. Pale ukumbini nilimtazama Semeni, ambaye alikuwa ameinamia mikono yake kwa kuwa alijua atakachosikia, yaani kweli.

"Una miaka mia na miwili," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Karani aliandika. Nilimsikia mtu nyuma akishusha pumzi, kisha mwingine, na nikafahamu kwamba ukumbi mzima ulikuwa unasubiri mtu wa nje aje aseme hivyo. Msemaji wa Kivuli alikiri mara moja kwamba mti wa miaka mia na miwili una kivuli kwa heshima yake, hata kiwe kidogo. Msemaji wa Sura akasema kitu cha miaka mia na miwili kina haki ya kuwa na rangi yake.

Nikadhani yamekwisha. Lakini karani wa daftari, kijana makini, aliinua mkono. Kama mkungu una miaka mia na miwili, alisema, ulikuwepo miaka mitano iliyopita. Daftari la mwaka ule halina mkungu. Basi ama daftari limekosea, ama bibi amekosea.

Hilo sikulifikiria. Mtu akiwa na umri wangu akasema uongo huona mbele hatua moja tu. Nikainua yale maji waliyoniletea, nikanywa taratibu mpaka yakaisha.

Bwana Msellem akasimama kule ukutani. Alikuwa ameishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Daftari la mwaka ule nililiandika mimi," alisema. "Siku ile nilikuwa nimechoka. Nilipita mtaani na sikuuona. Bibi hakukosea."

Bi Arafa alimuuliza kama anaelewa anachosema. Ofisa aliyeshindwa kuona kitu cha kale mbele ya macho yake hawezi kuendelea kupima umri. Bwana Msellem akasema anaelewa. Alikuwa amefanya kazi hiyo miaka ishirini na saba, na nilisikia baadaye kwamba katika miaka hiyo hakukosea hata kibati kimoja.

Tulipotoka nilimfuata kwa mwendo wangu mdogo mpaka nikamfikia, nikamwomba radhi. Aliniambia nisijisumbue. Alisema jana usiku hakulala kwa ajili ya ule mti, na juzi pia, na leo angalau atalala. Kisha akatoka juani ili nipite mimi ukutani.

Haidari tulimkuta amekaa anatusubiri. Tulipomweleza yote alicheka mpaka akakohoa, na Semeni akamsugua mgongo.

"Jana mtoto, leo mkubwa wangu kwa miaka ishirini na miwili," alisema alipopata pumzi. "Sasa kila asubuhi itabidi niuamkie shikamoo."

Tulikula wali wa nazi siku ile, na majirani wakaleta samaki, mmoja mmoja, kila mmoja akisema kwamba amezidisha kununua.

Kesho yake wakaja mafundi wa Idara. Waligongomea kibati cha shaba kwenye shina, miaka mia na miwili, taratibu, msumari usiingie sana. Halafu wakaanza kuchimba mashimo ya uzio. Semeni aliwauliza uzio wa nini. Wakamweleza kwa upole kwamba mti wa kale ni amana ya nchi, na mtu hawezi kuketi chini ya amana ya nchi. Uzio wa chuma unazungushwa palepale kinapoishia kivuli cha saa sita, ikiachwa njia ya kuingilia nyumbani tu. Anayeruhusiwa kuwa ndani ni mlinzi wake tu, ambaye lazima awemo kuanzia asubuhi mpaka magharibi. Mlinzi amekwisha kupatikana, walisema, ni yule ofisa aliyeshushwa cheo.

Jioni ile Semeni hakunilaumu. Alinitengea chai kama kawaida na akaniwekea tangawizi nyingi kwa kuwa anajua naipenda. Ningependa angenilaumu. Nilikuwa nimeuokoa mti, na sikumwokoa mtu hata mmoja.

Siku nne Haidari alilazwa nje ya uzio. Tulimfunika kwa khanga zilizoloweshwa maji, tulimsogeza kando ya ukuta kadiri utepe wa kivuli ulivyosogea, na utepe ulipokwisha tulimrudisha ndani kusikopumulika. Ndani ya uzio, kwenye kiti cha Idara, Bwana Msellem aliketi peke yake katika kivuli chote kile. Alimtazama Haidari, na Haidari kwa adabu alitazama pengine. Siku ya nne, kama saa saba mchana, Haidari alizimia. Tulimzindua. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu, na Semeni akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama naikumbuka anwani ya mwanawe mkubwa.

Bwana Msellem aliyaona yote hayo akiwa ndani.

Asubuhi iliyofuata alifungua lango la uzio kwa ufunguo wake, akaja mpaka kwenye mkeka. Alivua kofia, akamvika Haidari, akaiweka sawa ili beji ikae mbele. Kisha akamnyanyua kama anyanyuavyo mtu mtoto aliyelala, akampeleka ndani, akamkalisha kwenye kiti. Akatoka, akafunga lango, akasimama ukutani kichwa wazi.

"Kanuni inasema mlinzi awemo ndani," alimwambia Semeni. "Yumo."

Mchana ule Bi Arafa alipita na wageni wa nchi nyingine, amekuja kuwaonyesha mkungu. Aliwasomea kibati. Mgeni mmoja akauliza yule mzee ndani ni nani. Bi Arafa alimtazama Haidari, akaitazama kofia, kisha akamtazama Bwana Msellem pale ukutani, jasho likimchuruzika shingoni. Nilikuwa mlangoni nikiwatazama. Kisha Bi Arafa akawageukia wageni wake.

"Ni mlinzi wake," alisema. "Tusimsumbue, yuko kazini."

Akawaongoza mbele, akaenda kuwaonyesha lile baraza lenye kamba.

Sheria haijabadilika. Vyama viwili bado vinajadiliana, na nilipoondoka kulikuwa na hoja mpya kuhusu kama majani yaliyoanguka nje ya uzio nayo ni amana. Kina mama wa sokoni hawana tena pa kusimama. Haidari anapumua. Nimeandika kile nilichokiona, na sijui kitadumu viangazi vingapi.

Siku ya kumi na tisa niliagana na Semeni ndani, maana tulijua ni mara ya mwisho na hatukutaka kuliana barabarani. Nilipotoka ilikuwa saa sita kamili. Haidari alikuwa amesinzia kwenye kiti, kofia imemshuka mpaka kwenye nyusi. Ng'ambo yake Bwana Msellem alikuwa amesimama katika jua lile, kichwa chake kimeanza kubabuka ngozi. Nikamwambia atakufa yeye sasa.

"Mimi nina miaka hamsini na tisa tu, mama," alisema. "Kwa Shambiru sijaanza hata kuhesabiwa."

Nilivua khanga yangu ya juu nikamfunga kichwani, fundo nyuma, kama nilivyowafunga wanangu wakienda shamba. Ilikuwa ya maua makubwa ya waridi, na wapita njia walimtazama. Nilikwenda mpaka kona, nikageuka nikijua atakuwa amekwisha kuivua. Alikuwa hajaivua. Alikuwa anaivuta mbele, ili ifunike na masikio.